Vidonge Kabla ya Chai

Ninyi mnaobeba sasa hivi pale uwanja wa mahindi mnanijua kama mzee msumbufu, yule anayemuuliza kila mtu asubuhi, "Umekula?" Wengine mnanijibu vizuri, wengine mnasema "Poa mzee" kabla swali halijaisha. Siwalaumu, mmenikuta hivyo. Sasa nimeacha kazi, mwili umestaafu kabla ya miaka yake, na kabla hamjanisahau nataka niandike kwa mkono wangu jinsi tulivyofanya kazi ile, na ni akina nani walikaribia kutuua. Majina nitayataja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute humu maneno ya mapambo. Habari za malipo nazo siandiki. Kuli analipwaje mnajua wenyewe.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Katandala nimevaa shati la kanisani, nimechana nywele. Nilidhani kazi ni kazi, mtu anakwenda amependeza. Kiongozi wa genge alikuwa Mzee Silanda, mtu mfupi, mchoyo wa tumbaku, shingo nene kama kinu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Unakwenda kubeba au kubarikiwa?"

"Kubeba, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vua hilo, mama yako asije akatulaumu."

Akanipa gunia tupu, akanionyesha jinsi ya kulikunja kona moja iingie kwenye nyingine, likawa kofia na koti kwa pamoja, linafunika kichwa, shingo na mgongo. Asubuhi za Sumbawanga mwezi wa saba mnazijua. Ule upepo wa kutoka milima ya Mbizi unaingia mpaka kwenye meno, na lile gunia ndilo lilikuwa blanketi letu. Gunia la mahindi la kwanza walilonitwisha lilinikalisha chini palepale. Genge zima likacheka. Mzee Silanda hakucheka, alisema tu, "Leo gunia limembeba mtu."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Usilisubiri gunia umesimama wima kama mlingoti, lipokee magoti yamelegea, liingie mwilini kama mtu anayekaa kwenye kiti. Hatua fupi. Macho mbele. Ule ubao wa kupandia garini una sheria moja: husimami juu yake. "Ukitaka kufikiri," alikuwa anasema, "fikiri chini."

Baadaye akanifundisha kupanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba ukuli ni ufundi. Safu ya chini unalaza kwa urefu, ya pili unaikatiza, na midomo ya magunia inatazama ndani, ili uzi ukikatika mahindi yabaki katikati ya shehena, yasimwagike njiani. Zamani barabara ya kwenda Laela mpaka Tunduma ilikuwa vumbi na mashimo matupu. Magari niliyopanga mimi yalifika kama yalivyoondoka. Kulikuwa na madereva wasiokubali kuwasha gari mpaka waulize, "Amepanga nani?" Wakiambiwa ni Venansi, wanawasha. Nimeishi miaka mingi kwa jina hilo na sioni aibu kulisema.

Genge la Mzee Silanda lilikuwa na desturi moja ninayotaka muijue. Mgongo wa mtu ukianza kusema, anahamia kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea midomo ya magunia. Anakaa anashona mpaka mgongo unyamaze, kisha anarudi kubeba. Hakuna anayemcheka, maana kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kukaa pale. Tuliona ni jambo dogo. Hatukujua kwamba ndilo lililokuwa linatuweka hai.

Mzee Silanda alipozeeka akarudi kijijini kulima ulezi, na tajiri aliyenunua mahindi pale, Edgari, akatuletea msimamizi wake. Anaitwa Balthazari. Huyu ni wa kwanza kati ya wale waliokaribia kutuua. Alikuja na mambo mawili. La kwanza, shazia akampa mpwa wake, kwa hiyo mwenye mgongo mbaya hakuwa tena na pa kukaa: ubebe au uende nyumbani. La pili, lumbesa. Mnaijua, lakini wengine hamjaibeba. Gunia linajazwa mpaka mdomo haufungi, halafu juu linashonewa kipande cha gunia jingine kama kilemba, nacho kinajazwa. Mkulima wa watu amelipwa gunia moja, tajiri anaondoka na gunia na kichwa chake. Sheria inakataza. Kila mtu anajua inakataza, na kila mtu alikuwa ana kitu cha kutazama upande mwingine.

Lumbesa haibebeki kila siku. Mtu anaweza kuibeba leo na kesho. Keshokutwa hata viatu huvai bila kuguna. Balthazari aliliona hilo, na hakupunguza gunia, alileta dawa. Kila asubuhi tulipanga mstari, ukungu bado uko chini, naye akamwekea kila mmoja kiganjani karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya rangi mbili. Vilitoka kwa Osca, mwenye duka la dawa lililotazamana na uwanja. Huyo ndiye wa pili. Vidonge vile tuliviita mkanda. "Umeshafunga mkanda?" ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Hapa lazima niseme na la kwetu wenyewe. Makuli wa Ufipa hatukuwa tunakula kabla ya gari la kwanza. Tulirithi hivyo: tumbo likijaa, pumzi inakosa pa kukaa. Chai na viazi ni baada ya gari kuondoka, jua limeshapanda. Kwa hiyo mkanda tuliufunga juu ya tumbo tupu, kwa funda la maji baridi, na wengine tulikuwa na pombe ya ulezi ya jana bado inazunguka kichwani. Hilo Balthazari hakutufundisha.

Na ubaya wa dawa ile ni kwamba ilifanya kazi. Nilibeba kama niliyeazima mgongo wa mtu mwingine. Rafiki yangu Leonsi, mtu wa upande wa Laela, mwimbaji wa besi kwaya ya parokia, ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko sote. Alipanda ubaoni na lumbesa huku anaimba. Alikuwa anameza karatasi yake na ya yeyote asiyekuja kazini siku hiyo.

Msimu wa pili tumbo likaanza kunichoma. Nilikwenda kwa Osca, akaniuzia vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, hakuuliza chochote. Yaani aliniuzia kidonda, halafu akaniuzia na kitambaa cha kukifutia. Choo kikawa cheusi kama lami. Mke wangu Fortunata akasema niende hospitali, nikamwambia ni maharage. Maharage tumekula tangu utoto, hayajawahi kumfanya mtu hivyo, lakini mtu anayetaka kwenda kazini haishiwi majibu.

Siku yenyewe nilikuwa na gunia mgongoni, katikati ya ubao, nikasimama. Sikusimama kwa kupenda. Uwanja ulikuwa unakwenda mbali, sauti za watu zinakwenda mbali. Nilianguka upande mmoja, gunia likaanguka upande mwingine, na hiyo ndiyo bahati yangu. Nikatapika kitu kama machicha ya kahawa. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilimsikia Balthazari akisema, "Kalewa huyo. Mvuteni pembeni, gari lisichelewe."

Leonsi akamuuliza, "Pombe gani inayotapikwa nyeusi?" Balthazari alikuwa ameshageukia magunia. Leonsi akanibeba mwenyewe mpaka barabarani, akanipakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva, akanishika kiunoni mpaka hospitali.

Damu ilikuwa imenitoka ndani kwa ndani. Wakataka watu wa kuchangia. Genge zima likaja na vumbi lake, Leonsi mbele. Wote waliomfuata walipimwa na kukubaliwa, yeye akakataliwa. Presha ilikuwa juu mno. Akafikiri mashine imekosea, akasema, "Nipimeni tena, mimi ndiye mwenye damu nyingi hapa." Daktari mmoja mwanamke, nitamwita Daktari Neema, akamwambia apandishe suruali. Akaweka kidole gumba kwenye muundi wake, akakandamiza, akaondoa. Shimo likabaki pale, kama ulilobonyeza kwenye ugali.

Niliporudi katika hali ya kuzungumza, daktari alikuja kitandani kwangu, Leonsi amekaa pembeni.

"Mnameza nini?" akauliza.

Leonsi akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa ya siku hiyohiyo. Daktari akaifungua, akavitazama vidonge.

"Hiki ni diklofenaki. Na hiki ni ndugu yake. Mnawaajiri ndugu wawili kwa kazi moja. Mnakula kwanza?"

"Tunakula baada ya gari la kwanza," nikasema.

Basi akatueleza, na nimeyashika maelezo yale kuliko katekisimu. Alisema mwilini kuna kitu kinaitwa prostaglandini, na kitu hicho ni mafuta.

"Sisi tuna mafuta, daktari?" Leonsi akasema. "Hebu tuangalie vizuri."

Daktari akacheka kidogo. "Si ya kukaangia. Ni mafuta ya kupeleka taarifa. Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogondogo, na kila chembe imezungukwa na utando wa mafuta. Ukiumia, kipande kidogo cha utando kinageuzwa kuwa taarifa palepale: hapa pameumia, pavimbe, paume, mwenye mwili apumzike. Taarifa ikishafika, inakwisha. Ukiwa na homa, ni hayohayo yamepeleka habari. Mama anapojifungua, ni hayohayo yanasaidia tumbo la uzazi kubana."

"Sasa mimi na uzazi wapi na wapi?" nikasema.

"Ngoja, baba. Hayohayo, ndani ya tumbo lako la chakula, yanaliambia lijipake ute, ili tindikali yake isilichome lenyewe. Na kwenye figo yanaacha mishipa wazi damu ipite, hasa mtu akiwa amekauka kwa jasho. Sasa kidonge hiki hakijui mgongo uko wapi na tumbo liko wapi. Kinafunga kiwanda cha taarifa kila mahali."

Nikamwambia, "Kwa hiyo nimeunyamazisha mgongo, nikamfukuza na mlinzi wa tumbo."

"Ndivyo. Dawa yenyewe si sumu, hata mimi natibu nayo. Lakini kwa siku chache, mtu ameshiba, na ninajua figo zake zikoje." Kisha akamgeukia Leonsi. "Zako nimezipima. Zimechoka. Ukiacha leo, nina matumaini zitarudi. Ukiendelea, tutakuja kuzungumza habari za mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo si jambo la kulizungumza kwa furaha."

Leonsi akatazama miguu yake. "Nikiacha, lumbesa nitaibebaje?"

"Hilo silijui, baba. Mimi najua figo."

Niliporudi uwanjani sikuweza kubeba. Mpwa wa Balthazari alikuwa ameichoka shazia, nikaichukua, nikashona. Mtu anayeshona anaona kila kitu. Nilimwona Leonsi akijaribu bila vidonge. Alibeba mawili, la tatu akaliweka chini akashika kiuno.

"Aa, mzee wa kwaya," Balthazari akasema ili wote wasikie. "Sauti ya besi, mgongo wa soprano."

Watu wakacheka. Siku chache baadaye nilimkuta Leonsi nyuma ya magunia, kichwa amekiinua, anameza.

"Ulimsikia daktari," nikamwambia.

"Nilimsikia. Na watoto nyumbani nawasikia pia."

Nilivuka barabara nikaenda kwa Osca. Nilimkuta anafuta kioo cha kabati.

"Osca, Leonsi ana figo mbovu. Usipeleke tena zile karatasi."

"Mimi napeleka anachoagiza mteja. Mteja ni Balthazari."

"Unajua zinavyofanya tumboni?"

"Venansi, nimefanya kazi wodini kabla sijafungua hapa. Unanifundisha?"

Basi. Ndiyo maana nikigawa lawama, Osca namwekea rundo kubwa zaidi. Balthazari alikuwa hajui na hakutaka kujua. Edgari alikuwa anajua gunia tu. Osca alikuwa anajua yote, na aliendelea kukunja karatasi.

Nikabaki na genge. Jioni hiyo, kwenye kibanda cha chai cha Mama Restituta, niliwaeleza habari za yale mafuta. Hawakunisikiliza vizuri. Mmoja akasema mimi nimepungukiwa damu mpaka kichwani. Nikaona maneno hayatoshi. Nikampandisha Leonsi suruali mpaka gotini, nikakandamiza muundi wake kwa kidole, nikaondoa. Shimo likabaki mbele ya macho yao wote.

Mama Restituta mwenyewe akaacha kumimina chai.

"Jamani, msinifanye gunia la kuchomwa bambo," Leonsi akasema. Bambo ni kile chuma chenye tundu, mnunuzi anakichomeka kwenye gunia kutoa mahindi ya kukagua. Safari hii hawakucheka. Mmoja akainama, akapandisha suruali yake, akabonyeza. Mwingine naye. Kabla chai haijapoa, genge zima la wanaume wazima lilikuwa limeinama linajibonyeza miguu, na miguu ya wawili zaidi ilibaki na mashimo.

Asubuhi iliyofuata tulikula kwanza. Uji wa ulezi na viazi, gari likitungoja, dereva akituangalia kama watu wasiojulikana wametoka wapi. Balthazari akafika na karatasi zake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasimama nazo kama mtu anayegawa kadi za harusi mtaa ambao hajulikani.

"Leo vipi, mmekuwa mabwana harusi?"

"Tumekula," nikamwambia. "Tutapakia gari. Lakini vilemba vitoke kwenye magunia, na mwenye mgongo mbaya ashone."

Akamwita Edgari. Tajiri akaja, akatusikiliza mikono mfukoni.

"Nitaita watu wengine."

"Waite, tajiri."

Akawaita vijana kutoka stendi. Walikuja na nguvu zao, wakajitwisha, wakafika nusu ya ubao, magoti yakaanza kuzungumza. Wakashuka. Mmoja akaja kutuuliza kwa adabu, "Kaka zangu, ninyi huwa mnafanyaje?"

Leonsi akamwambia, "Huwa tunameza, mdogo wangu. Halafu tunatapika damu."

Kijana akatazama karatasi mkononi mwa Balthazari, akatazama magunia, akawaita wenzake wakaondoka. Jua likapanda. Dereva akazima gari, akatangaza kwamba anakwenda kulala. Nilimtazama Leonsi, jasho linamtoka na hajabeba kitu. Nilijua tukishindwa siku hiyo, kesho atameza, na sitakuwa na la kumwambia.

Edgari akazunguka lile rundo mara nyingi. Mwisho akatoa kisu mfukoni, akakata uzi wa kilemba cha kwanza kwa mkono wake. Mahindi yakamwagika kwenye turubai. Hakutuangalia. Akamwambia Balthazari, "Na wewe kata, unasubiri nini?" Balthazari akaziweka karatasi zake chini akaanza kukata. Tulipakia gari lile mimi nikishona na Leonsi akiwa kando yangu na sindano ya pili, na nawaambia, shehena ile ilipangwa vizuri hata bila mikono yangu, maana waliopanga niliwafundisha mimi.

Siwadanganyi kwamba dunia ilinyooka. Lumbesa ipo bado viwanja vingine, na Osca amepaka duka lake rangi mpya. Balthazari aliondoka msimu uliofuata, kwenda kusimamia watu wengine, Mungu awasaidie. Lakini genge letu halikumeza tena. Leonsi alirudi kwa Daktari Neema mara kwa mara, mpaka siku moja akamwambia figo zimeshika njia, ila kubeba asahau. Hakubeba tena. Ameshona magunia tangu hapo, na besi yake kwaya wanaitegemea mpaka leo.

Mimi nilirudi kubeba, magunia ya kawaida, tumbo likiwa na chakula, nikawafundisha na ninyi kupanga. Mwaka huu, katikati ya msimu, mgongo ukasema kwa namna ambayo hata shazia haikuutuliza. Kijana mmoja wenu, nia yake njema, akanifuata na kidonge mkononi. "Mzee, meza hiki umalizie msimu, ni wiki chache tu."

Nikamshukuru. Nikamwambia akirudishe alikokitoa. Nikavua gunia langu la kichwani, nikaaga, nikashika njia ya Katandala kwa miguu. Mgongo uliniuma njia nzima, nikauacha uniume.